Glavu Nyekundu Kifuani

Katika maabara ya Profesa Lafrenière, kule Saskatoon, aliyegeuza waya za umeme wakati wa kutenganisha vinasaba alibandikwa glavu nyekundu ya mpira kifuani, akatembea nayo mpaka mwingine akosee. Kowalchuk alikuwa nayo tangu theluji ya kwanza. Aliyemsimanga kuliko wote, kila asubuhi bila kukosa, alikuwa mwanafunzi mwenzake, Maren Thiessen.

"Kaka, leo umeipiga pasi? Mbona imekukaa vizuri hivyo?"

Lakini leo Maren hakuwa na hamu ya utani. Profesa alitaka nafasi kwenye banda la kioo, na mchana huohuo angeung'oa mche wa dengu wa Maren autupe, isipokuwa Maren amwonyeshe kwamba umerithi kinga dhidi ya ugonjwa wa ukungu. Mche ule aliupenda kuliko ndugu zake wengine, na hakuona haya kusema hivyo.

Kazi yenyewe haina uchawi. Vinasaba vina chaji hasi, kwa hiyo umeme ukiwashwa hukimbilia upande chanya, penye waya nyekundu, vikijipenyeza ndani ya kipande cha jeli. Vifupi hupenya upesi, virefu hujikokota nyuma, na mwishowe kila urefu hujipanga mstari wake. Kinga aliyoitafuta Maren ilikuwa kwenye kipande kifupi cha kinasaba.

Alidondosha vinasaba vya mche kwenye vishimo vya jeli, iliyozama majini ndani ya sanduku lake, pamoja na rangi ya buluu ya kumwonyesha mwendo. Akakagua waya, akarudia kuzikagua: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akawasha, akaenda kula donati akijiona mjanja.

Aliporudi, rangi ilikuwa ikienda kinyumenyume.

Maren akainama kukagua. Waya zilikuwa sawa. Jeli ndiyo aliyoilaza kinyume, vishimo vikawa upande wa nyekundu. Nyuma ya vishimo palibaki jeli ya upana wa kidole tu, kisha maji. Vinasaba vikiingia majini, basi tena. Akazima haraka, akabadilisha waya: nyekundu kwenye nyeusi, nyeusi kwenye nyekundu. Akawasha.

Rangi ikageuka. Vinasaba vilivyokuwa vimefika mbali vilirudi kwa kasi ileile viliyoondoka nayo, vyote vikakutana pale vilipoanzia kama watoto walioitwa chakula, kisha vikashika njia sahihi.

Ndipo Kowalchuk alipoingia, akaziona waya.

"Weee! Thiessen! Nyekundu kwenye nyeusi!" Nusura acheze. "Sogea nikuokoe, dada, nizirudishe."

"Usiguse!" Maren alilikumbatia sanduku. "Nimezigeuza makusudi!"

"Hata mimi nilisema hivyohivyo."

Angeweza kunyamaza amwache azirudishe waya, kosa liwe la Kowalchuk na glavu ibaki kwake, lakini vinasaba vingeishia majini. "Jeli niliilaza kinyume, sawa?" akafoka. "Nimekosea! Mimi! Umeridhika?"

"Sema kwa sauti," alisema Profesa kutoka mlangoni, koti mkononi. "Wengine tunazeeka."

Wakasubiri wote watatu. Chini ya taa mstari wa kile kipande kifupi ukang'aa, umefifia kidogo pembeni, lakini upo.

"Mche unabaki," alisema Profesa. "Kowalchuk, fanya kazi yako."

Kowalchuk aliichomoa glavu kifuani pake taratibu, kwa heshima zote, akambandika Maren.

Kesho yake asubuhi alimkuta bandani akiumwagilia mche, glavu ikining'inia.

"Dada, leo umeipiga pasi?"

"Nimeipiga," alisema Maren, akaendelea kumwagilia.