Posa na Mionzi

Miaka minne nimeishi Ulaya kikazi na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Agosti 2007 nilirudi Kitale likizo kwa jambo moja tu: Hamid aje kuniposa. Nilikuwa nimechoka kula peke yangu.

Watu wake walifika kutoka Bungoma Jumapili baada ya adhuhuri. Wanaume wakakaa sebuleni, sisi wanawake chumbani kwa mama. Shangazi yake Hamid, Bi Aaliyah, hakugusa hata mahamri.

"Ati unafanya kazi na mionzi?"

"Mionzi inapiga saketi za umeme, shangazi, si mimi." Nikamweleza polepole. Kuna mtambo mkubwa chini ya ardhi, wa kuchunguza chembe ndogo kuliko atomu. Mimi natengeneza saketi za kupima joto la huo mtambo, zisife hata zikipigwa na mionzi miaka kumi. Ukiwashwa, watu wote tunatoka.

"Na haiwezi kukuzuia kuzaa?"

Mama akanikonyeza. Sema hapana, mtoto, yaishe! Lakini mimi na mdomo wangu! Kazini kwetu ukiandika sifuri kwenye ripoti, unarudishiwa uandike upya, maana hakuna kipimo kinachotoa sifuri kamili. Basi nikatoa kwenye mkoba beji ninayovaa kifuani, nikamwonyesha.

"Hii inapima mionzi inayonifikia. Kwa mwaka mzima haifiki hata eksirei moja ya kifua. Lakini sifuri kabisa siwezi kusema. Hata wewe hapo ulipo unapata kidogo, inatoka ardhini."

Subhanallah! Bi Aaliyah, mama mzima, aliruka kutoka kwenye mkeka.

"Kama haina shida, mbona wamekuvisha kipimo?"

Posa ikaishia hapo. Nilitoka kuwafungulia lango, Hamid akanifuata, shangazi yake ameshaingia garini.

"Si ungesema sifuri tu, Sumeya? Ungepungukiwa nini?"

"Ningekuwa nimedanganya."

"Siku ya posa nani hadanganyi, bana? Hata mimi nimewaambia ukishaolewa utaacha hiyo kazi."

Nilimpenda, jamani, na hata wakati ule nilikuwa nampenda. Nikamwuliza kama aliwahi kunitaka pamoja na kazi yangu, hata siku moja. Alitazama gari, akasema shangazi anangoja.

Nikamfungulia lango mwenyewe.