Mluzi wa Kuita Upepo

Kupepeta ndengu kunataka upepo, na upepo wa Mumbuni una maringo. Kaluki ndiye aliyemfundisha mkaza mwanawe, Kasiva, namna ya kuubembeleza: unainua ungo, unapiga mluzi mwororo, kisha unangoja kama mtu aliyebisha hodi. Ukija, makapi yanaondoka. Usipokuja, unapiga tena.

Basi kampuni moja iliposimamisha mlingoti wa kupima upepo juu ya kilima, Kasiva aliona kazi imemfikia. Mumewe, Musili, alikuwa fundi wa mitambo ya umeme wa upepo huko mbali Marsabit, na nyumbani alionekana Krismasi na Pasaka tu, kama nguo mpya.

"Wakijenga hapo, mimi ndio wa kwanza kuomba kazi," Musili alimwambia kwenye simu. "Nitakuwa nakula chakula yako kila jioni mpaka unichoke."

"Jaribu uone kama nitachoka."

Simu zenyewe zilikuwa mateso. Upepo wa kule ulinguruma ukameza nusu ya maneno, na Kasiva akabaki kuuonea wivu, kwa vile ulimshika mume wake shati mchana kutwa. Alimtamani Musili bila haya: miguu yake ya baridi, kikohozi chake cha alfajiri, hata tabia yake mbaya ya kumaliza chai yote.

Kila asubuhi, kabla ya kukama ng'ombe, aliuelekea mlingoti akapiga mluzi. Julai upepo ulikuja kwa fujo, ukainua mabati ya banda la kuku, na Kasiva akacheza uani peke yake. Wiki hiyohiyo alishuka Machakos mjini akaagiza kitanda kikubwa.

Kaluki alikizunguka kitanda kile, akasonya. "Kitanda kubwa, mtu mmoja. Hii ndiyo itanizalia Kaluki?"

Kwa Wakamba, binti wa kwanza huchukua jina la mama wa babake. Kaluki alikuwa akimngoja wajina wake tangu siku ya harusi, na hakuona sababu ya kunyamaza.

Lakini upepo wa Mumbuni ni mgeni. Mvua za vuli zilikuta majani yananing'inia kimya. Kasiva alipiga mluzi hadi midomo ikapasuka. Moyoni alijua, maana nani apepetaye huko asijue miezi ya kungoja? Ila moyo ukipenda haufundishiki, akaendelea kupiga.

Januari, mwaka wa kupima ulipotimia, Pauline, mhandisi wa kampuni ile ya mlingoti, alikuja na watu wake wakaanza kuushusha.

"Si Julai mliupata?" Kasiva alimuuliza kwa ukali, kana kwamba Pauline ndiye aliyeuficha upepo.

"Tuliupata mzuri sana, dada. Lakini mtambo hauwezi kungoja Julai mwaka mzima. Pole."

Jioni alimpigia mumewe. "Wameng'oa," alisema.

Upande wa pili uliongea upepo peke yake. Kisha Musili akasema, "Niko na chumba huku, Kasiva. Kadogo. Nimekuwa naogopa kukuambia. Sasa ukikuja, nani atabaki na mwaitu?"

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na mama huyo hakuwa na mtoto mwingine. "Hakuna," Kasiva alijibu. Alimtakia usiku mwema, akaketi nje ya jikoni akalia, leso usoni.

Kaluki, ambaye masikio yake hayakuzeeka, alitoka na kigoda chake akaketi kando.

"Baba ya Musili alifanya kazi Mombasa, kwa reli," alisema. "Mimi nikaambiwa nichunge shamba. Nikachunga, kanisani wakanisifu. Nikazaa mtoto mmoja. Siku alistaafu akarudi, nilimwonyesha choo iko wapi, kama mgeni." Alimwondoa leso usoni. "Nenda. Jina yangu haitaletwa na simu."

"Na wewe, mwaitu? Na ng'ombe? Na ndengu?"

"Ng'ombe atakamwa na kijana wa jirani. Ndengu niko na mdomo."

Kasiva aliondoka Jumamosi asubuhi. Kaluki hakumsindikiza, alikuwa uani na ungo wake, akisema hapendi mambo ya kuagana. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Kikongwe aliinua ungo, akakunja midomo, akapuliza. Meno ya mbele yalikuwa yamekwenda zamani, na kilichotoka ni mate. Akajaribu tena. Mate.

Kasiva alikuwa amefika langoni. Aliweka mkoba chini, akapiga mluzi mrefu, mwororo, kama alivyofundishwa. Miti ya mgrevilea ikasita, ikatikisika, na makapi yakapaa kutoka kwenye ungo wa mama mkwe wake.

"Bado hujaenda?" Kaluki aliuliza bila kugeuka.

"Nimeshaenda, mwaitu," Kasiva alisema, akapiga mluzi tena.