Roboti Iliyouliza Habari za Mifugo

Tangu Jumatatu Evodia alikuwa amesimama mlangoni kwa watu, na mlango wenyewe haukuwa na mbao wala bawaba. Ulikuwa ndani ya laptopu ya kuazima, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule la Tahira, pale Old Korogwe. Mwanawe Lea alikuwa mgongoni, amelala fofofo, anamtiririshia mate shingoni.

"Umeanza?" Tahira aliuliza huku akipanga madaftari.

"Nimepiga hodi, dada."

"Halafu?"

"Nasubiri waseme karibu."

Tahira aliyaweka madaftari chini. "Mdogo wangu, hiyo ni kompyuta."

"Kompyuta ndiyo, lakini ndani kuna watu."

Na kweli walikuwemo. Mwalimu wa masomo ya jioni ndiye aliyewaelekeza: lipo shirika huko nje linalowachukua wanafunzi na watu wanaoanza kuandika programu, linawapa fildi, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi kadhaa, mtu anafanya kazi akiwa kwake nyumbani, na analipwa. Programu zenyewe ni huria. Ziko wazi kwa kila mtu, ukitaka unazifungua, unaona zilivyoandikwa, unarekebisha palipoharibika. Sharti lilikuwa moja tu. Kabla hujachaguliwa, uwe umeshaongeza chochote chako kwenye programu ya kundi unaloliomba, hata kiwe kidogo. Mwisho ilikuwa Ijumaa jioni.

Evodia alichagua kundi linalotengeneza programu ya maktaba ndogo ndogo, na alishaona kasoro anayoiweza. Lakini utaingiaje kwa watu uanze kuwahamishia masufuria? Akaandika kwenye ukumbi wao wa mazungumzo, kwa Kiingereza alichokipiga pasi vizuri: hodi, mimi naitwa Evodia, natokea Korogwe, naomba niingie nirekebishe kitu. Kimya. Jumanne akapiga tena, na Jumatano asubuhi tena. Kimya.

Asipoipata hiyo fildi, kulikuwa na kazi Dar, kuuza nguo dukani kwa binamu wa mumewe. Mume mwenyewe, Fabiani, alikuwa anafunga marobota ya katani, na kazi hiyo huja na kupotea. Kwa hiyo ilikubaliwa na kikao kizima cha ukoo: Evodia aende Dar, Lea aachishwe ziwa, apelekwe Handeni akalelewe na bibi yake, mama wa Fabiani. Evodia naye alikubali mbele ya watu, kisha akaenda chooni akalia hadi kuku wakaja kuchungulia.

Jumatano bibi mwenyewe akashuka na basi la Handeni, na begi tupu la kutilia nguo za mjukuu. Bibi Grasiana ni mtu ambaye akitoka kisimani na ndoo kichwani, maji hufika nyumbani yamepata joto, kwa sababu hapiti mlango wa mtu bila kuuliza habari za wote waliomo, wenye miguu miwili na minne.

"Shikamoo mama," Evodia alisema.

"Marahaba mwanangu. Hawa wazungu wako wamesemaje?"

"Hawajaitika. Nimepiga hodi mara tatu."

Bibi Grasiana akavua viatu, akakaa, akafikiri. "Wanakula hao."

"Tangu Jumatatu, mama?"

"Wana chakula kingi. Wanaogopa utawakuta mezani." Akampokea Lea, akamnusa kichwa. "Mara tatu imetosha. Ondoka kwa heshima yako, tukapange nguo za mtoto."

Siku iliyofuata Evodia akaenda dukani kuaga laptopu, na mama mkwe akafuatana naye, eti akaone mlango ulivyo.

Tahira ndiye aliyesogeza kioo kwenda juu, kusoma maneno ya siku za nyuma. "Hebu njoo. Huyu naye si kapiga hodi? Kutoka Peru. Na huyu wa Nepali. Huyu wa Kano anasema samahani kwa kuuliza. Hakuna aliyejibiwa!"

Evodia aliinama kusoma. Uani walikuwa wamejaa watu kama msibani, kila mmoja ameshika viatu vyake mkononi, na wenyeji wakipita katikati yao wakizungumza mambo yao. Wala hawakuwa na roho mbaya. Kila mwenyeji alidhani mwenzake atajibu.

"Maskini," alisema Evodia. "Wote hawa wana mama zao."

Ndipo wazo likamjia. Kwenye masomo ya jioni walishatengeneza roboti, kijiprogramu cha kukaa kwenye ukumbi na kuitikia watu chenyewe. Si ingekuwa jambo la maana kundi lipate wa kusema karibu? Akaanza kuandika.

"Umemwandikia nini?" mama mkwe akauliza.

"Karibu sana, jisikie nyumbani, chagua kazi uanze."

"Basi?" Bibi Grasiana aliuliza kwa uchungu. "Mtu katoka Peru! Hujamuuliza kaamkaje?"

Evodia akaongeza kuamka. Bibi akataka nyumbani. Akaongeza nyumbani. Wakaja watoto, wazee, shamba, mvua, na mifugo.

"Na akisema hana?" Evodia aliuliza.

"Unampa pole, unamuuliza ilitokea lini."

"Na asipojibu?"

"Hakusikia huyo. Unarudia."

Jioni ile Evodia aliiwasha roboti yake ajaribu kidogo. Alidhani ameifungia kwenye kibanda cha majaribio. Kumbe ameiachia ukumbini kwa watu wazima. Akafunika laptopu, akaenda nyumbani Kilole kupika bada, ugali wa muhogo.

Ijumaa asubuhi Tahira alimngojea barabarani, anacheka machozi yanamtoka. "Mdogo wangu! Roboti lako limemkamata mkubwa wao!"

Mkubwa ni Aakash, msimamizi wa kundi, mtu wa Kanada. Alikuwa ameingia kueleza kwamba programu imeharibika, vitabu vyote vinaonekana vimeazimwa na mtu mmoja. Roboti ikamdaka: Umeamkaje? Akaandika, tuna tatizo kubwa. Roboti ikauliza, umeamkaje? Akaandika, salama. Nyumbani hawajambo? Salama. Watoto? Akaandika, sina.

*Pole sana. Ilitokea lini?*

*Haijatokea. Sijaoa.*

*Wazee hawajambo?*

*Wazima. Naomba tuongelee tatizo.*

*Shamba linaendeleaje?*

*Sina shamba.*

*Pole sana. Ilitokea lini?*

Evodia alishika mdomo. Ilipofika kwenye mifugo Aakash alijaribu ujanja, akasema anaye paka. Roboti ikasema tunamshukuru Mungu, ikaanza upya na kuamka, maana hakuna aliyeifundisha pa kuishia.

"Nimekwisha," alisema Evodia. Akakaa juu ya boksi la chaki. Lile begi alishaliona limejaa, na soksi za Lea juu kabisa.

Bibi Grasiana, aliyefuatana naye tena, alitaka asomewe yote tangu mwanzo. "Huyu Akashi ana adabu," alisema. "Kajibu kila kitu. Lakini paka anaumwa? Mbona hakusema anaumwa au mzima?"

Evodia akaandika kuomba radhi. Akasema roboti ni yake, ameikosea, anaizima na kuondoka. Hajamaliza kusoma alichokituma, jibu likaja.

*Usiizime!* Aakash aliandika. *Wageni wote wameingia. Walikuwa wanajibiwa na roboti, wakaanza kujibizana wenyewe. Yule wa Kano ana ng'ombe. Yule wa Peru amerekebisha lile tatizo la vitabu. Miaka yote tunajiuliza kwa nini wageni wanafika na kutoweka. Ila ifundishe kunyamaza, tafadhali. Ukiiwahisha kabla ya jioni, huo ndio utakuwa mchango wako.*

"Inyamaze vipi?" Evodia aliuliza hewa. "Mama, salamu zinaishaga vipi?"

"Haziishi," alisema Bibi Grasiana.

"Mama!"

"Zikiisha mtafanya nini?"

Tahira akaja na akili ya kiduka. Akatoka nje, akagonga, akaingia kama mteja, akamsalimia bibi. Wakaulizana. Wakafika kwenye mbuzi wa Handeni, na mmoja wao aliyekula kitenge. Evodia alisikiliza, kidole hewani, na jua linahama ukutani. Mwisho bibi akashusha pumzi, akasema, "Haya."

"Haya," Tahira akaitikia. Wakanyamaza wote wawili.

"Hilo hapo!" Evodia akapiga kelele, Lea akashtuka akaanza kulia.

Akaifundisha roboti: ukimaliza mifugo, sema haya, mgeni naye akisema haya, mwache apite. Akaituma roboti huku Lea ananyonya na yeye anapiga herufi kwa mkono mmoja, na Aakash akaipokea kabla jua halijazama.

Majibu ya fildi yalikuwa yatoke baadaye. Bibi Grasiana akasema atangoja, ingawa mbuzi wanamwita. Alingoja wiki kadhaa. Akaenda Kwashemshi kusalimia, akarudi, na begi likabaki limening'inia msumarini, na Evodia akajizoeza kutolitazama.

Ikaja siku, wako dukani, ujumbe wa Aakash ukaingia. Evodia akaufungua.

*Umeamkaje, Evodia?*

"Jamani, aseme!" Tahira aliruka. "Muulize amechagua nani!"

"Wewe!" bibi akamkemea. "Mama Lea, jibu kwanza."

Akajibu, salama. Nyumbani? Salama. Lea je? Ameota jino. Bibi? Yupo, anakusalimu. Shamba? Mvua? Evodia alijibu yote, jasho linamchuruzika mgongoni mtoto alipolalia. Mifugo? Mbuzi mmoja kazaa.

*Haya,* Aakash akaandika.

*Haya,* Evodia akaandika.

*Umechaguliwa. Utafanya kazi ukiwa hapo hapo Korogwe. Karibu ndani.*

Tahira alipiga kigelegele mpaka wateja wakaingia kuuliza nani anaolewa. Evodia alimshusha Lea mgongoni, akambana kifuani.

Bibi Grasiana alirudi Handeni Jumamosi na begi lake, limejaa machungwa. Mlangoni alisimama, akageuka.

"Hakusema habari za paka," alisema. "Muulize."