Blauzi Inayoomba Ruhusa

Robota la mitumba la Jumanne lilifunguliwa saa tatu asubuhi, na Mkamwana alikuwa wa nne kuingiza mikono. Mama mkwe wake ndiye aliyezoea kumwita hivyo, mtaa mzima ukafuata. Mkamwana alikuwa mjane, akiishi na mama mkwe huyo wawili tu, na kiwanda cha biskuti kilikuwa kinaajiri keshokutwa. Blauzi yake pekee ya maana ilikuwa imeunguzwa na pasi, ikabaki na alama yake kifuani.

Akaibuka na blauzi ya buluu, kola imesimama, vifungo vyote sita vipo. Akaijaribu pale pale juu ya gauni. Alikuwa amebanwa na haja ndogo tangu nyumbani, lakini robota halimngoji mtu. Mkono wa kulia wa blauzi ukanyanyuka juu, na wa kwake ukiwa ndani. Akataka kuondoka, miguu ikagoma.

"Hiyo inaomba ruhusa," alisema muuzaji, ambaye kwa sababu ya miwani watu humwita Macho Manne. "Mwenyewe alikuwa akifanya kazi mahali ambapo huendi chooni mpaka uambiwe. Zimekuja nyingi za hivyo."

"Sasa huu mkono utashuka lini?"

"Ukiambiwa nenda. Haya, nenda, dada."

Mkono ukashuka. Aliporudi alipunguziwa bei.

Nyumbani mama mkwe aliikagua mshono kwa mshono, akasema fundi wake alikuwa na mkono mzuri. Mkamwana akaivaa amwonyeshe. Alikuwa ameshakunywa vikombe viwili vya chai, basi ikawa yale yale.

"Mama, niambie niende."

"Tangu lini unaniomba ruhusa mimi?" Mama mkwe akajikalia vizuri kwenye kigoda. "Ngoja nimalize kuchambua mchele. Leo na mimi ni bosi."

"Mama, nakuomba!"

"Haya nenda, usije ukaniharibia sakafu."

Siku ya usaili walikuwa wanawake kumi na tisa kwenye benchi. Wengine walishawahi kufanya kazi ya mashine, wengine walikuja na barua za kuwasifu. Msimamizi alikuwa amemuuliza Mkamwana maswali mawili tu mkono uliponyanyuka.

"Una swali?"

"Naomba kwenda msalani."

Msimamizi akatazama saa ya ukutani. "Subiri."

Akasubiri. Msimamizi akanywa chai yake yote, akala na biskuti tatu. Mkono haukutetereka.

"Nenda," akasema, na kabla Mkamwana hajarudi alishamwandika kazi.

Mwezi wake wa pili kazini, ofisi ilimuuliza alikoinunua blauzi, ikamtuma dereva kwa Macho Manne, akarudi na robota zima. Wanawake arobaini wakagawiwa blauzi za buluu. Waliambiwa ni zawadi, wakashukuru. Mikono ikawa inanyanyuka, mmoja hapa, miwili kule, na biskuti zikafungwa kwa mkono uliobaki. Ruhusa ikawa mara moja kwa zamu. Wanawake wakaacha kunywa maji asubuhi.

Mkamwana akaanza kuumwa kiuno.

"Si uivue?" mama mkwe alimuuliza, huku akimkanda kwa maji ya moto.

"Asiyeivaa haingii getini, mama."

Mama mkwe akakamua kitambaa, akakirudisha kiunoni.

Jumapili Mkamwana aliifua, akaianika uani. Ilipofika saa nne mkono wa kulia ukanyanyuka pale kwenye kamba, hamna mtu ndani. Ukakaa hivyo hivyo. Mama mkwe alikuwa akifagia. Aliegemeza ufagio ukutani, akaisogelea, akaiweka sawa kola kama anayemtengeneza mtoto wa shule.

"Nenda, mwanangu," akaiambia. "Nenda, na wala usiharakishe kurudi."

Mkono ukashuka. Blauzi ikashinda pale, ikakauka vizuri.

Jumatatu kiwandani, saa nne, mkono ukanyanyuka tena. Msimamizi akatazama saa ya ukutani.

"Subiri," akasema, akajimiminia chai.