Meko Saba

Gari la mahakama lilikwama kwenye tope mara mbili, na mara zote mbili Mrina ndiye aliyeshuka kulisukuma pamoja na wakili wa kujitolea aliyewatetea yeye na watu wake. Hakimu alibaki ndani na viatu vyake. Wakili wa serikali naye alibaki, pamoja na karani na askari wa msitu.

Mrina hakulalamika. Alikuwa mwanamke aliyerina asali msituni humu tangu utotoni, tope halikumtisha. Kilichomtisha ni siku yenyewe. Baada ya miaka sita ya kesi na serikali, lilikuwa limebakia jambo moja tu: hakimu ajionee kama kweli watu wake wanaishi msituni. Akikuta meko, vibanda na mizinga, wabaki. Asipokuta, waondoke kabla mwezi haujaisha. Basi juzi Mrina akatuma ujumbe nyumbani: hakimu anakuja, jitayarisheni.

Walipofika, Mrina alitangulia kushuka.

Palikuwa peupe. Hapakuwa na kibanda, wala kuni, wala mzinga juu ya mti. Majani makavu yalitandazwa chini vizuri kama vile hajawahi kupita mtu. Watu wake walisimama pembeni wamevaa nguo zao za maana, na mbele yao mama mkwe wake, ufagio mkononi, uso unang'aa.

"Karibu sana, mheshimiwa," alisema, kisha akamnong'oneza Mrina. "Meko yote saba tumeyafukia, mwanangu. Vibanda tumebomoa, mizinga tumeipeleka ng'ambo ya mto. Hakuna atakayesema tumempokea mtu mkubwa kwenye majivu."

Angemlaumu nani? Ndivyo walivyolelewa wote: mgeni wa heshima hukanyaga ardhi safi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema wajitayarishe. Hakusema kwamba mgeni wa safari hii alikuja kutafuta majivu.

"Mheshimiwa, mimi sina la kuongeza," alisema wakili wa serikali.

Hakimu alizunguka taratibu, kisha akamgeukia Mrina. "Mama, ulisema mmekaa hapa vizazi vitano. Mmekaa wapi?"

"Hapo uliposimama ni jikoni kwangu, mheshimiwa."

Askari wa msitu aliangua kicheko.

"Wamefagia kwa heshima yako!" Mrina alisema.

"Kwa hiyo ushahidi mmeuharibu wenyewe," alisema wakili wa serikali, "au haukuwepo. Chagua moja, mama."

Mrina alipiga magoti akachimba kwa mikono. Kina cha kiganja kimoja tu, majivu yakatokea, na makaa meusi ndani yake.

"Shika, mheshimiwa! Bado yana joto!"

Hakimu alirudisha mikono nyuma. Askari alimkamata Mrina begani. "Kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa. Na unajua."

Karani wa mahakama alikwisha kuandika. Akasoma: "Mahakama haikuona meko, kibanda wala mzinga."

"Ameona majivu!" wakili wao alipaza sauti.

"Nimeona shimo," alisema hakimu. "Ukiwa na pingamizi, lete kwa maandishi. Siku kumi na nne. Shahidi atie kidole."

"Nisipotia?" Mrina aliuliza.

"Itaandikwa umekataa, na hizo siku kumi na nne hampati."

Mrina alimtazama wakili wao. Wakili aliangalia chini, akatikisa kichwa kukubali.

Karani alipekua mkoba wake, akapekua tena. Wino ulisahaulika ofisini. Akautazama mkono wa Mrina, dole gumba jeusi tititi, limelowa jasho.

"Hicho hicho kinatosha, mama."

Mrina alibonyeza. Alama ilitoka vizuri, kila mstari ukionekana, chini kidogo ya neno meko. Karani aliipuliza ikauke, na chembe za majivu zikaruka zikaanguka chini, karibu na viatu vya hakimu.

Mama mkwe aliona. Akaomba radhi, akainama na ufagio wake, akazifagia.