Taulo la Namizaki

Miaka mitatu nilimwogesha Bi Hatsue, nikamkata kucha, nikamkorogea uji wa mchele mwepesi kama apendavyo. Philister alikuja kwenye nyumba yetu ya wazee, hapa ughaibuni Golden Valley, mwezi Machi tu. Basi taulo akapewa nani? Philister! Mimi nilichumia juani, wa kulia kivulini akawa mwingine. Kwa wivu hata chai ilinishinda.

Lilikuwa taulo jembamba la pamba, lenye maandishi ya buluu. Namizaki, mji mdogo wa wakausha mwani kwenye pwani ya Japani, alikozaliwa Bi Hatsue, uliunganishwa na jiji la jirani mwaka huo wa 1994. Kabla ofisi ya mji haijafungwa, iliwatumia wenyeji walioko ng'ambo taulo moja moja lenye jina la mji, liwe kumbukumbu.

Nilimkuta Philister chumbani kwa bibi akilikunja. Uvumilivu ukanishinda.

"Umemlisha nini huyu bibi?"

"Ai, dada! Nilimuuliza tu kwao ni wapi. Halafu nika-change ile kadi ya mlangoni."

Kadi hiyo niliiandika mimi. Chini ya jina la bibi niliweka lile jiji la jirani, maana Namizaki nani anaijua?

Nikamgeukia Bi Hatsue kitandani. "Bibi, nimekukosea nini?"

Alinitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi. "Miaka mitatu nimelala nyuma ya mlango wa mtu mwingine," akasema. "Nilikwambia mara mbili. Ukanijibu, ni kulekule tu."

Kweli nilisema. Lakini nilinuna. Jina tu ndilo la kuninyima taulo?

Margaret, msimamizi wetu, akachungulia mlangoni. "Nyie Wakenya wawili, nani atafanya zamu ya Jumapili?"

Damu ilinichemka. Nimemwambia mara ngapi! Kabla sijafungua mdomo, Philister akajibu.

"Nitafanya mimi. Na Imaculata si Mkenya. Ni Mtanzania, wa Marangu."

"Ah, ni kulekule tu," Margaret akacheka, akaenda zake.

Bi Hatsue alikuwa ananitazama. Mimi nilikodolea macho taulo mikononi mwa Philister, bado nalitaka, huku nikijaribu kukumbuka kama niliwahi kumuuliza Philister mwenyewe kwao ni wapi.

Sikuwahi.