Iulize Simu Yako

Kazini walimwita Kaa Kwanza, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mteja akiingia tu dukani, hajafuta jasho, hajauliza bei, yeye alikuwa ameshamfungulia mlango wa gari. "Kaa kwanza," alimwambia, "mengine tutaongea." Wala hakutaka akae mnunuzi peke yake. Alitaka aletwe yule atakayebebwa: mke mjamzito, baba mwenye miguu mirefu, mtoto anayetapika safarini. Kuna bwana mmoja alikuja na pesa zake mkononi, tayari kuondoka na gari siku hiyo hiyo, Kaa Kwanza akamrudisha nyumbani akamlete mama mkwe wake. Bwana yule akaenda kununua kwenye duka la jirani. Meneja nusura apasuke.

"Wewe unauza magari au unawapima watu suti?" alimfokea.

"Vyote viwili," alijibu Kaa Kwanza, na hakuwa anatania.

Lakini waliokaa walirudi. Walirudi na ndugu zao, na majirani zao, na miaka ilipopita wakarudi na watoto wao walioota ndevu. Yeye mwenyewe hakuwa na gari, jambo ambalo wenzake walilifanyia mzaha kila siku ya Mungu. Alichokuwa nacho ni ruhusa ya kuchukua gari la kujaribia wateja kila Jumapili, duka likiwa limefungwa. Kwa gari hilo alimpeleka mama yake upande wa pili wa mji kumwona dada yake.

Safari hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa mama uhai. Tangu aanguke bafuni akavunjika nyonga, hakuwa akitoka kwenda kokote kwingine. Na dada yake, mama mkubwa wa akina Kaa Kwanza, masikio yalikuwa yamemtupa mkono, kwa hiyo simu haikumfaa kitu. Ilibidi wakae bega kwa bega, wapigiane kelele masikioni, wacheke mpaka wakohoe, mikono yao imeshikana muda wote. Kati ya wote waliozaliwa tumbo moja, walikuwa wamebaki wao wawili tu.

Kisha kiwanda kikaamua kuwauzia watu magari moja kwa moja. Meneja aliwaita wafanyakazi wote ukumbini, akasimama katikati ya magari na kuongea kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Kuanzia sasa mteja ataagiza mwenyewe kwa simu, achague rangi, achague viti, alipe huko huko, na gari litakuja likiwa limeshapata mwenyewe. Wakala hana kazi tena. Duka litabaki mahali pa kuchukulia funguo, basi, na wauzaji wataagwa wote isipokuwa mmoja wa kuwakabidhi watu magari yao.

"Nimekupendekeza wewe," meneja alimwambia pembeni. "Shukuru."

Alishukuru kwa mdomo, huku moyoni anafuka moshi. Malori yakaja yakabeba magari ya maonyesho, la kujaribia likiwemo, ukumbi ukabaki mtupu na alama nyeusi za matairi kwenye vigae. Wakamwekea meza nyeupe na kiti cha kuzunguka. Watu walioanza kuja kuchukua magari walikuja simu sikioni, wakaonyesha kitambulisho, wakanyoosha mkono kupokea funguo na kuondoka. Aliwahi kumwambia mmoja wao akae kwanza, alizoe gari, yule kijana akamtazama kama anayeombwa kitu. Jumapili ya kwanza baada ya malori, mama alivaa, akakaa sebuleni akingoja honi, mpaka mtu alipokumbuka kumwambia kwamba gari halipo tena.

Wiki hiyo mdogo wake alikuja dukani. Alikuwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, mtu wa maneno machache, vidole vyake vimejaa makovu ya vioo, na mama alikuwa akiishi kwake. Alitembea ukumbini taratibu, akiangalia pale magari yalipokuwa yakikaa.

"Pole, kaka."

"Nimeshapoa."

"Nimeamua ninunue gari. La kumpeleka mama kwa mama mkubwa, tusimkatishie safari zake." Akatoa simu mfukoni, akaifuta kioo kwa shati. "Nimeliona hili. Kwenye simu bei yake imeshuka kweli, kwa sababu hakuna mtu wa kati."

Alilisema bila ubaya wowote, kama anavyosema kioo ni kioo. Lakini Kaa Kwanza alikuwa mtu wa kati tangu ujana wake. Kazi hiyo ndiyo iliyomwoza mke na kuwasomesha watoto, na leo anaisikia ikitajwa na ndugu yake wa damu kama gharama iliyoondolewa. Likamchoma mpaka kwenye mfupa.

Aliipokea simu. Gari lenyewe lilikuwa jeupe, refu, la matairi makubwa, limepigwa picha juu ya mwamba, utadhani mama mkubwa anaishi mlimani. Macho yake yaliona papo hapo. Sakafu ya gari ilikuwa juu mno. Mwenye nyonga mbaya hapandi gari. Anageuka, anakalisha makalio kitini, kisha anaingiza mguu mmoja mmoja. Hapa mama angetakiwa kuinua mguu karibu na kiuno. Lilikuwepo gari jingine la kiwanda hicho hicho, la chini kidogo, mlango mpana, kiti kiko pale pale nyonga ilipo. Angelitaja hata akiwa usingizini.

"Unalionaje?" aliuliza mdogo wake. "Litamfaa mama?"

Hapo ndipo mahali pa kusema, na neno lenyewe lilikuwa moja tu: refu. Lilifika mpaka ncha ya ulimi.

"Si umesema hakuna mtu wa kati?" alisema Kaa Kwanza, akamrudishia simu. "Iulize simu yako."

Mdogo wake alicheka kidogo, akidhani anataniwa, akasubiri jibu lenyewe. Kaa Kwanza akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Haya, kaka," mdogo wake alisema hatimaye. "Nitaiuliza."

Sasa usije ukadhani hakumpenda mama yake. Alimpenda kupita maelezo. Alichotaka ni simu iumbuke. Alitaka gari lije, lionekane halifai, watu washike vichwa na kusema kumbe yule mtu wa kati alikuwa na kazi yake. Alitaka aibu ndogo tu ya nyumbani, ya kuja kuchekwa baadaye. Hata namna ya kujibu alishaipanga, kwa upole, kama kaka mkubwa. Kiwanda kilimpa mteja nafasi ya kubadilisha chaguo lake kabla gari halijaanza kuundwa. Kujua hayo ndiyo ilikuwa kazi yake mpya. Akitoka kazini alishika simu ampigie mdogo wake, halafu akajiambia, aanze yeye, yeye ndiye mwenye shida. Mdogo wake naye, aliyeshajibiwa vile mara moja, hakupiga. Nafasi ikapita hivyo hivyo, ndugu wawili wamenuniana bila hata kugombana.

Gari lilipofika, yeye ndiye aliyelikabidhi. Mdogo wake alikuja amenyoa, amevaa shati la kutokea. Kaa Kwanza alimwonyesha taa, akamwonyesha wipa, akamwonyesha tairi la akiba, akamwita "mheshimiwa mteja" kwa mzaha ambao haukumchekesha mtu. Mdogo wake alilizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaitazama ile sakafu. Kisha akamtazama kaka yake kwa muda, akaurudishia mlango polepole.

"Zuri," alisema Kaa Kwanza.

"Asante, kaka."

Nyumbani mama alitoka na fimbo yake, amevaa gauni analolitunza. Alilisifia gari rangi, akalipapasa ubavuni, akamwombea mwanawe baraka. Wakamfungulia mlango. Aliinua mguu, ukafika nusu, ukarudi chini. Akajaribu kugeuka ili akae kama alivyozoea, lakini kiti kilimpita kimo. Wakaleta stuli, ikayumba, mama akapiga yowe na kumng'ang'ania mjukuu aliyekuwa karibu. Mwishowe mdogo mtu akambeba mikononi na kumpandisha, gauni likapanda mpaka juu ya magoti, majirani wanaona. Mama alilishusha haraka haraka.

"Mimi si gunia la mkaa jamani," alisema, akijaribu kucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Walienda siku ile, akabebwa kupanda na kubebwa kushuka, na kurudi vivyo hivyo. Maumivu yakamlaza kitandani. Jumapili iliyofuata alisema kichwa kinamuuma, na ile nyingine akasingizia mvua. Wakamwambia basi waite teksi, akagoma kabisa. "Gari la mwanangu liko hapo uani, mimi nipande teksi? Majirani waseme nini, kwamba ni pambo?" Alikuwa anamstahi mtoto wake, na wote walilijua hilo, na hakuna aliyejua pa kuanzia kumbishia.

Kaa Kwanza alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Aliuliza kiwandani kama gari linaweza kurudishwa, akajibiwa kwamba likishatembea limeshakuwa la mwenyewe. Alitafuta ngazi ya kufunga pembeni, ikaletwa isiyoingiana na gari lile. Ile aibu ndogo aliyoingoja ilikuwa imefika, na hakuna aliyeshika kichwa wala kumkumbuka mtu wa kati. Mdogo wake alijilaumu mwenyewe, mama akaulaumu mguu wake. Yeye hakulaumiwa na yeyote, na ndilo lililomnyima usingizi.

"Mwambieni dada nitakuja mguu ukipoa," mama aliwaagiza.

Walikwenda ndugu wawili kuzipeleka salamu. Mama mkubwa alikuwa kitandani, amepungua, amebaki macho tu. Kaa Kwanza akainama, akapiga kelele sikioni mwake.

"Amenikasirikia?" aliuliza bibi yule.

"Hapana, mama mkubwa! Ni mguu!"

"Nimemkosea nini?"

"Mguu, mama mkubwa! Mguu unamuuma!"

"Basi mwambieni anisamehe," alisema, akageukia ukutani. Walipiga kelele kwa zamu mpaka jirani akachungulia mlangoni, lakini halikumwingia hata neno moja. Njiani kurudi walikubaliana kwamba mama asiambiwe.

Mama mkubwa alifariki kabla mguu haujapoa. Siku ya mazishi mama alibebwa kupanda gari na kubebwa kushuka, na safari hii hakulishusha gauni lake wala hakusema neno kuhusu magunia. Aliacha wamshike wanavyotaka.

Waliporudi nyumbani, mdogo wake alizima injini uani, lakini hakuna aliyeshuka. Mama alikuwa kiti cha mbele, fimbo iko mapajani. Kaa Kwanza alikuwa nyuma, akikitazama kisogo chake.

"Gari ni zuri," alisema mama. "Ila ungemuuliza kaka yako kabla hujanunua. Kaka yako anayajua magari."

Kaa Kwanza aliona shingo ya mdogo wake ikikakamaa. Alingoja alipuliwe. Kwa kweli alitamani alipuliwe, mambo yaishe.

"Nilikuwa na haraka, mama," alisema mdogo wake. "Sikumuuliza."

Hakugeuka nyuma hata kidogo. Alisema vile kwa sauti ya kawaida, mikono bado iko kwenye usukani, yale makovu yake yote yanaonekana. Ingekuwa rahisi kwa Kaa Kwanza kunyamaza. Alikuwa amenyamaza tangu mwanzo, na hakuna aliyemdai zaidi ya hapo.

"Aliniuliza, mama," alisema. "Alikuja dukani kabisa, akaniuliza kama litakufaa. Niliona ni refu. Nikanyamaza."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Nilikuwa na hasira. Na mambo ya duka. Na mambo ya simu." Hasira yote ile iliyomwaka miezi na miezi, alipoitoa mdomoni ilikuwa kitu cha kitoto. "Nilitaka lisifae."

Mama aliendelea kutazama mbele, kwenye ukuta wa uani. Vidole vyake vilikuwa vinaipapasa fimbo, kwenda na kurudi.

"Na salamu zangu kwa dada," alisema, "alizipata?"

"Alizipata."

"Akasemaje?"

Mdogo wake alifumba macho. Ukweli mmoja ulikuwa umemtoka Kaa Kwanza kwa shida. Wa pili alishindwa.

"Alisema upone kwanza, mama. Alikuelewa."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, bila sauti, na hakuyafuta.

Kaa Kwanza alishuka mbio, akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele na kunyoosha mikono kumpokea. Mama aliitazama mikono ile. Kisha akageuka upande wa pili, kwa mwanawe mdogo, yeye mama ambaye hakuwahi kuomba kubebwa na mtu.

"Nibebe, baba," alimwambia. Na kwa Kaa Kwanza, bila ukali, akasema, "Wewe katufungulie mlango wa nyumba."

Akaenda kuufungua.